Siku Tatu za Upatu

Zamu yangu ya upatu iliangukia Machi.
Casilda, mshika daftari wa soko la viatu,
akanihesabia noti juu ya boksi la ndara
huku akiniuliza: bati au jiko?
Nikasema, bahari.
Akanitazama kama mteja aliyetajiwa bei mbaya.

Basi la saa sita za usiku kutoka Morelia.
Mama na shali yake, na mapajani kifurushi:
chapati za mahindi thelathini na mbili,
alizozichoma mwenyewe, maana huko, alisema,
hatujui wanasaga nini.
Milima ikatuzungusha, ikatuzungusha,
hata Eufrosina Cázares, aliyezaa saba
bila jirani kusikia sauti,
akaomba mfuko wa nailoni.

Zihuatanejo, alfajiri.
Chumba kina feni ya panga tatu, moja imepinda,
tak, tak, tak, kama fundi anayekata kisigino.
Tukateremka ufukweni. Mama hakuvua viatu.
Mchanga, alisema, si sakafu ya mtu umjuaye.
Akasimama linapokomea povu,
likaja, akarudi nyuma; likaenda, akalifuata hatua moja.
"Hii haitulii?"
"Haitulii, mama."
"Hata usiku?"
Akaionea huruma.

Mchana, kwenye kibanda cha makuti,
Yuridia, binti wa mpishi, akatuwekea sahani:
samaki mbichi, kakatwa nyuzinyuzi,
kitunguu, pilipili ya kijani, ndimu hadi ukingoni.
Mama akamgeuza kwa uma, akamfunua chini.
"Moto wake uko wapi?"
"Kwenye ndimu."
Akaonja kama anayetia sahihi deni la mtu mwingine.
Akaonja tena.
Akafungua kifurushi, akatoa chapati mbili,
na tangu hapo sikusemeshwa
mpaka sahani ilipobaki na mbegu.

Kesho yake, mashua ya Leobardo,
kwenda ziwa la mikoko, Barra de Potosí.
Leobardo hutoza kwa kichwa.
"Mimi ni mfupi," mama akamwambia,
wakapatana robo tatu.
Katikati ya mikoko akazima injini.
Kimya kikaja na harufu ya tope.
Mwari mmoja, mzito kama gunia, akaning'inia hewani,
akakunja mbawa, akajitupa majini
kama aliyeitwa kwa jina.
Mwingine. Mwingine.
Mama akaanza kuwahesabu kwa vidole.
Mama huhesabu kila kitu: mayai, ngazi,
siku tangu Nazario avuke mpaka asirudi,
na hiyo hesabu huitaja kila asubuhi kabla ya kahawa.
Alifika kumi na tisa.
Akaacha.
Mkono ukabaki juu ya goti, vidole wazi,
na Leobardo, Mungu ambariki, hakuwasha injini.

Siku ya tatu alivua kiatu.
Kimoja.
Akaingiza mguu wa kushoto mpaka kifundoni,
akachota maji kwa chupa ya soda
ya magoti ya jirani yetu Tomasa,
akafunga kizibo kwa nguvu zake zote,
ambazo si zile za zamani.

Sikujua hilo hadi tulipokuwa nyumbani.
Mkoba ulikuwa umelowa,
kitambaa kimelowa, na chapati tano za mwisho
zimeinywa bahari njia nzima, kona kwa kona.
Nikataka kuzitupa.
Akaninyang'anya, akazikausha kwenye kikaango,
tukazila na maharage, tumesimama, bado na vumbi la safari.
Hakuna aliyeulizia chumvi.

Jioni Tomasa akaja na magoti yake.
Akaiinua chupa kwenye taa, akaitikisa.
"Mbona nusu?"
Mama hakupepesa jicho.
"Maji yalikuwa yamepwa," akasema,
kama mtu aliyezaliwa huko.